Mpangaji wa Kelmscott

Nyumba ya bibi yangu iko Mji Mkongwe, Unguja, na ukuta wake wa upande wa uchochoroni unaharibika. Plasta inavimba, inatoa unga mweupe wa chumvi, halafu inabanduka mabamba kwa mabamba. Likizo iliyopita ami alitaka tubandue yote, tupige saruji mpya, tupake rangi, nyumba ing'are kama hoteli. Bibi akakataa, ila hakuweza kueleza kwa nini. Mimi, msomi wa familia, nikaulizwa ninaonaje, na sikuwa na la kusema. Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kutafuta jibu la ukuta. Nikatoka na maisha ya mtu: William Morris, Mwingereza aliyefariki mwaka 1896.

Wengi wetu tunamjua bila kujua kwamba tunamjua. Yale majani yaliyosokotana, maua na ndege wanaoiba matunda, ambayo siku hizi yanachapwa kwenye makava ya simu na vikombe, mengi yanatokana na michoro yake ya vitambaa na karatasi za ukutani. Lakini hayo si yaliyonishika. Kilichonishika ni kwamba mtu huyu aliacha sehemu ya riziki yake kwa sababu ya kuta kuukuu za watu wengine.

Alizaliwa Walthamstow, karibu na London, tarehe 24 Machi 1834. Nyumbani hakukuwa na shida. Baba yake alifanya kazi ya fedha jijini na alikuwa na hisa katika mgodi wa shaba huko Devon, hisa ambazo zilipanda ghafla zikaitajirisha familia. Baba alikufa mwaka 1847, Morris akiwa na miaka 13, na kijana alipotimiza miaka 21 akawa na kipato cha pauni 900 kwa mwaka bila kunyanyua koleo. Linganisheni na bumu letu. Nalitaja hili kwa sababu baadaye alikuja kuwa msoshalisti wa kusimama barabarani na kuhutubia, na wapo waliomcheka kwa hilo enzi zake, na wapo wanaomcheka hadi leo.

Mwaka 1853 aliingia Exeter College, Oxford, akikusudia kuwa kasisi. Huko akampata rafiki wa maisha, Edward Burne-Jones, na wote wawili wakazama katika vitabu vya John Ruskin. Mwaka 1855 walizunguka kaskazini mwa Ufaransa kutazama makanisa makuu ya kale, na waliporudi ukasisi ulikuwa umekwisha vichwani mwao. Burne-Jones akachagua uchoraji. Morris akachagua ujenzi, akaenda kujifunza kwa msanifu George Edmund Street. Hakumaliza hata mwaka. Kukaa mezani na rula siku nzima hakukumfaa mtu yule, ambaye mwili wake ulikuwa hautulii. Faida kubwa aliyoipata mle ofisini ni kukutana na Philip Webb, msanifu mkimya aliyekuja kuwa mkono wake wa kulia kwa miaka arobaini.

Alipomwoa Jane Burden mwaka 1859, Webb ndiye aliyemchorea nyumba: Red House, ya matofali mekundu, huko Kent. Wakaihamia mwaka 1860, na walipokosa samani za kuwapendeza wakaamua kutengeneza wenyewe na marafiki. Hapo ndipo ilipozaliwa kampuni yao, mwaka 1861, ya samani, mapambo na hasa madirisha ya vioo vya rangi. Lakini nyumba ilikuwa mbali na kazi, na pesa za mgodi zilikuwa zinapungua. Mwaka 1865 akaihama, na nyumba ikauzwa. Inasimuliwa kwamba hakukanyaga tena pale, kwa uchungu. Hiyo ndiyo nyumba pekee aliyojijengea. Baada ya hapo, Morris mpenda nyumba aliishi katika nyumba za kupanga.

Naam, mpangaji, kama sisi wa mageto. Mwaka 1871 alipanga Kelmscott Manor, nyumba ya mawe ya shambani kando ya mto Thames, iliyojengwa karibu mwaka 1600. Alipanga kwa ubia na mchoraji Dante Gabriel Rossetti, na hapa pana habari ambayo ingevuma hosteli nzima: Rossetti alikuwa akimpenda Jane. Kiangazi hichohicho Morris akawaacha pale, akapanda meli kwenda Iceland. Mwaka 1874 Rossetti aliondoka, Morris akabaki na nyumba. Aliipenda kuliko mahali pengine popote. Alipenda hata mpangilio wa vigae vya mawe juu ya paa, vikubwa chini na vidogo kadiri unavyopanda, kazi ya mafundi ambao hakuna anayejua majina yao.

Sasa njoo kwenye lenyewe. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na homa ya kurejesha makanisa ya kale. Maelfu yalifanyiwa hivyo. Neno lilikuwa zuri, kurejesha, lakini kazi yenyewe ilikuwa hivi: msanifu anaamua karne ipi ndiyo nzuri, kisha anaondoa kila kilichoongezwa baadaye, anakwangua plasta ya zamani mpaka jiwe libaki tupu, anachonga upya nyuso za mawe, na pale penye pengo anajaza kwa kubuni. Jengo lililokuwa limebeba alama za mikono ya watu wa miaka mia tano linatoka likiwa jipya kabisa, huku likidai kuwa la kale.

Mwaka 1876 Morris alipita katika kanisa la Burford, si mbali na Kelmscott, akaona wanavyokwangua. Akalalamika kwa kasisi. Kasisi, kama inavyosimuliwa, akamjibu kwamba kanisa ni lake na akitaka atasimama humo kichwa chini miguu juu. Machi 1877 akasikia kwamba kanisa kuu la Tewkesbury nalo limo mikononi mwa Sir George Gilbert Scott, msanifu mashuhuri kuliko wote katika kazi hiyo. Hapo akaandika barua gazetini, kali, na mwezi uleule akaanzisha na wenzake Jumuiya ya Kulinda Majengo ya Kale, yeye akiwa katibu. Wenyewe kwa utani waliiita jumuiya ya kupinga kukwangua. Ipo hadi leo.

Hoja yao ilikuwa fupi. Jengo la kale si mali ya kizazi kimoja. Aliyenalo sasa analilinda tu kwa niaba ya waliopita na wanaokuja. Kwa hiyo usilirejeshe, litunze. Ziba paa linalovuja leo, egemeza ukuta unaoinama kesho, na kiraka chako kionekane kuwa kiraka, kisijifanye cha kale. Na kama jengo halikufai kwa matumizi yako, jenga jingine, hilo liache. Kumbe bibi alikuwa na hoja, ila yake haikuandikwa gazetini.

Lakini angalieni ilimgharimu nini. Wateja wakubwa wa kampuni yake walikuwa makanisa, na makanisa yalinunua madirisha ya vioo hasa wakati wa kurejeshwa. Mwaka huohuo 1877 akatangaza kwamba hatapokea tena kazi mpya za madirisha kwa makanisa ya kale yanayofanyiwa hivyo. Mimi nimesoma habari za wanaharakati wengi, na wachache wameanza kwa kukata mkono unaowalisha.

Maneno peke yake hayashikilii ukuta, na hapo ndipo Webb alipoingia. Huko East Knoyle, miaka ya mwanzo ya 1890, mnara wa kanisa ulikuwa katika hatari ya kuanguka. Njia nyepesi ilikuwa kuubomoa na kuujenga upya. Webb aliukarabati kwa ndani: sehemu ndogo kwa sehemu ndogo, kitu kilichooza katikati ya ukuta kikaondolewa na kujazwa kipya, mawe ya nje yakabaki mahali pake. Kazi ya polepole ya mafundi, isiyopendeza kupigia picha.

Niliposoma hapo nikaukumbuka ukuta wetu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, juu yake boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu upite. Saruji huuziba, maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke. Plasta inayobanduka kwa bibi siyo ya zamani, jamani. Ni ya saruji, iliyopigwa nilipokuwa darasa la tano. Na sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultan Barghash.

Mwaka uleule, 1883, Morris aliingia rasmi katika siasa za kisoshalisti. Nitapita haraka hapa kwa kuwa wengine wameandika sana: mikutano, magazeti, kugombana na wenzake wa chama, kufikishwa mahakamani. Mwenyewe aliona ni jambo lilelile. Fundi wa zamani aliyechonga jiwe kwa kupenda kazi yake, na kibarua wa kiwandani asiyependa chochote katika siku yake, kwake walikuwa sura mbili za swali moja. Ni kweli karatasi zake za ukutani zilinunuliwa na matajiri, kwa kuwa kazi nzuri ya mkono ni ghali. Hilo lilimuuma, hakulipatia dawa.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 1896, akiwa na miaka 62 na amechoka. Siku ya mazishi huko Kelmscott ilinyesha mvua ya dhoruba, na jeneza lake lilibebwa kwa mkokoteni wa shambani uliopambwa kwa matawi. Kaburi alichora Webb, mfano wa paa dogo la jiwe. Ile nyumba alikuwa bado anaipanga. Jane ndiye aliyekuja kuinunua, mwaka 1913.

Wiki ijayo nakwenda Unguja. Ami ameshanunua mifuko sita ya saruji, imepangwa chini ya ngazi. Bibi ameweka ndoo tatu ghorofani kwa sababu paa linavuja juu ya ukuta uleule, na hakuna aliyepanda kulitazama.