Percy Julian: Mjukuu wa Watumwa na Siri ya Haragwe

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu kengele ya Kemia ikilia hukunja uso. Basi hebu tusome maisha ya mtu ambaye somo hilo lilimgharimu jasho na machozi, lakini hakuliacha.

Percy Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Babu zake walikuwa watumwa. Siku hizo mtoto mweusi wa pale hakupata elimu kamili ya sekondari. Kwa hivyo, alipoingia Chuo cha DePauw mwaka 1916, ilimbidi asome masomo ya chuo huku akifidia yale ya sekondari. Bwenini hakutakiwa. Alifanya kazi katika nyumba ya wanafunzi weupe na kulala darini. Lakini mwaka 1920 walipohitimu, kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza!

Alipata shahada ya uzamili Harvard mwaka 1923, kisha njia ikafungwa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Alivuka bahari hadi Vienna, Austria, akapata uzamifu mwaka 1931. Huko alichunguza alkaloidi, yaani kemikali za mimea ambazo nyingi ni dawa, na nyingine ni sumu.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, kuna haragwe ambalo zamani mshukiwa alilishwa. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, ana hatia. Ndani yake mna fisostigmini. Kidogo tu cha kemikali hiyo hupunguza presha ya macho kwa mgonjwa wa glakoma, ugonjwa unaopofusha. Julian na mwenzake, Josef Pikl, walitaka kuitengeneza wenyewe maabarani.

Tatizo ni kwamba bingwa wa Oxford, Robert Robinson, alikuwa ameshatangaza njia yake. Julian aliandika waziwazi kwamba bingwa huyo amekosea. Kama yeye ndiye aliyekosea, basi kazi yake ingeishia hapo! Mwaka 1935 waliyeyusha kemikali yao na ile ya haragwe. Zote mbili ziliyeyuka kwa kiwango kimoja cha joto. Julian alikuwa sahihi.

Hata hivyo alinyimwa uprofesa. Mwaka 1936 alijiunga na kampuni ya Glidden, Chicago. Huko alitumia soya kutengeneza homoni ya projesteroni, na baadaye akapata njia nafuu ya kutengeneza dawa ya baridi yabisi. Mwaka 1950 nyumba yake mpya huko Oak Park ilitiwa moto, na mwaka 1951 ikarushiwa baruti. Hakuhama.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1975. Wenzangu, haragwe lililoua ndilo lililookoa macho, ila lilihitaji mtu wa kulichunguza. Tusiikimbie maabara. Mvumilivu hula mbivu.