Mendel na maharagwe yaliyokataa kuzaa

Joto kama la Mandera huangusha maua ya maharagwe kabla hayajatunga mbegu. Wataalamu wametumainia tepari, jamaa ya haragwe aliyezoea majangwa ya Mexico na Marekani, lakini viwili hivyo vikichanganywa, kiinitete aghalabu hufa kingali kichanga, isipokuwa kikiokolewa na kulelewa maabarani. Kizuizi cha namna hiyo kilimfika mapema Gregor Mendel.

Mtawa huyo, mwana wa mkulima, alizaliwa mwaka wa 1822 katika milki ya Austria. Mwaka wa 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Njegere zilimpa sifa, maharagwe yalimtesa. Mjini Brno alilichavusha haragwe fupi la maua meupe kwa chavua ya spishi yenye maua mekundu. Machotara 17 yalichanua mamia ya maua, yakatoa mbegu 49 tu. Miche 44 ikapatikana, 31 ikachanua. Na hapo alibahatika: lau haragwe jekundu lingalikuwa mama, viinitete vingi vingalikoma kukua.

Mwingine angaliyaficha hayo. Yeye aliyachapisha mwaka wa 1866. Alifariki mwaka wa 1884. Wanasayansi walimtambua mwaka wa 1900.