PHILIP OMONDI, KIJANA WA TIMU YA JIJI

Pale Lugogo, upande wa mashariki wa Jiji la Kampala, michezo miwili imeishi pamoja kwa ujirani mwema. Katika jumba lililoezekwa huchezwa mpira wa kikapu. Hatua chache kutoka hapo pana uwanja wa kandanda wa timu ya Jiji. Uwanja huo wa kandanda umepewa jina la mtu mmoja tu, Philip Omondi, aliyezaliwa mwaka 1957 na kufariki dunia mwaka 1999. Vijana wengi waingiao leo katika uwanja huo hawakuwahi kumwona akicheza. Lakini maisha yake yana jibu, au tuseme nusu ya jibu, la swali ambalo huzua ubishi kila jioni katika mabwalo ya askari: timu bora hujengwa kwa kuchagua vijana na kuwalea, au kwa kwenda kuwatwaa wachezaji nyota ambao wengine wamekwisha kuwalea?

Swali hilo ni la wapenzi wa mpira wa kikapu kabla ya kuwa letu. Kule Marekani, tangu mwaka 1947, klabu za ligi kuu ya mchezo huo hupokezana kuchagua vijana watokao vyuoni, na zile zilizofanya vibaya hupewa nafasi nzuri zaidi za kuchagua. Aliye na subira hungoja zamu yake, akachagua kijana na kumfunza. Asiye na subira hubadilishana na wenzake ili apate mchezaji aliyekwisha kukomaa. Mwaka 1956 mwalimu wa Boston, Red Auerbach, alifanya jambo lililochanganya njia zote mbili. Aliwatoa wachezaji wawili, Ed Macauley aliyekuwa nyota na Cliff Hagan aliyekuwa ametoka kumaliza miaka miwili ya utumishi katika jeshi la anga, ili tu apate haki ya kumchagua kijana mmoja wa chuo aliyeitwa Bill Russell. Kijana huyo alicheza misimu 13 na kuchukua ubingwa mara 11. Auerbach, basi, alitoa vilivyoiva akapokea kilichokuwa kingali kibichi, na watu wengi wa siku zile wangemwona amepotea njia.

Hapa Uganda hatukuwa na utaratibu wa namna hiyo. Hata hivyo kila askari aijua tofauti iliyopo baina ya kuruta na askari aliyehamishwa kutoka kikosi kingine. Wa kwanza hufunzwa na kikosi chake hata namna ya kufunga viatu. Wa pili huja na ujuzi wake, na pia huja na mazoea yake.

Timu ya Jiji ilianza kwa makuruta. Mwaka 1963 Samuel Wamala, mkuu wa sehemu ya maji machafu katika idara ya uhandisi ya Baraza la Jiji la Kampala, aliwakusanya wafanyakazi wa sehemu yake wakaunda timu. Hawakuwa watu wenye sifa. Mchana walishughulikia mifereji na mabomba ya Jiji, na jioni wakakimbiza mpira. Timu hiyo, iliyojulikana kwa herufi tatu za KCC, ilipanda ngazi taratibu kwa miaka zaidi ya kumi, huku vikombe vikienda kwa wengine.

Na wengi wa hao wengine walikuwa watu wenye sare. Prisons, timu ya askari magereza, ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 1968. Simba, timu ya jeshi, ilikuwa bingwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea kwa mabao 4 kwa 2 na 3 kwa 2. Jambo hilo halipaswi kusahauliwa: klabu ya kwanza kutoka Uganda kufika fainali hiyo ilitoka kambini. Nguvu ya Simba ilikuwa wapi? Jeshi lina vikosi kila pembe ya nchi, na mchezaji hodari aonekanapo katika kikosi cha mbali, karatasi moja ya uhamisho yatosha kumleta. Polly Ouma na wenziwe waling'ara katika timu iliyokuwa na shamba kubwa kuliko la klabu yoyote ya uraiani. Klabu za raia hazikuwa na karatasi ya uhamisho. Ziliweza kutoa ajira tu, na maneno matamu.

Katika miaka hiyo ya 1970 KCC ikawa chini ya mwalimu Jaberi Bidandi Ssali, yule ambaye baadaye alijulikana katika siasa na kuwa waziri. Bidandi hakuwa mtu wa njia moja. Aliwapenda vijana, akawatafuta katika timu ndogo za mjini, lakini hakukataa mtu mzima aliyefaa. Nahodha Jimmy Kirunda, aliyewahi kuwa mchezaji wa Express, alikuwa tayari ana jina kubwa. Kando yake Bidandi aliweka wachezaji kama Tom Lwanga, Sam Musenze na Moses Nsereko. Na miongoni mwa waliokuja wangali wabichi alikuwamo Omondi, kijana ambaye hakuwa hata na umri wa miaka 20.

Waliomwona Omondi hawakubaliani juu ya nafasi yake uwanjani, na hilo lenyewe ni ushahidi. Alikuwa mshambuliaji aliyerudi nyuma kuufuata mpira, na kiungo aliyefika langoni kabla ya washambuliaji. Hakutegemea mabavu. Mtu wa namna hiyo ni shida kumnunua, kwa sababu thamani yake haionekani mpaka amekaa na wenzake muda mrefu, wakajua atapita wapi, naye akajua mpira utafika lini. KCC ilimpa muda huo. Mwaka 1976 timu ya Jiji ikawa bingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza, na mwaka 1977 ikarudia. Omondi alikuwa na miaka 19 katika ubingwa wa kwanza, au ndiyo kwanza akiitimiza.

Mwaka huo huo wa 1977 lilitokea jambo la kusikitisha katika kandanda yetu. Express, bingwa wa miaka ya 1974 na 1975 na timu yenye wapenzi wengi mno, ilipigwa marufuku na serikali ya Idi Amin. Wachezaji wake wakatawanyika. Sitaki kulipamba jambo hilo: klabu nyingine zilipata wachezaji bila jasho, lakini hakuna aliyestahili kujisifu kwa mavuno ya shamba la jirani aliyefukuzwa.

Sasa tufike mwaka 1978, ambao ndio kilele cha habari hii.

Mwezi Machi timu ya taifa, Cranes, chini ya mwalimu Peter Okee, ilikwenda Ghana katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda ilikuwa imekwisha kufika huko mwaka 1974 na mwaka 1976, ikarudi mikono mitupu. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Cranes iliifunga Kongo mabao 3 kwa 1, ikafungwa na Tunisia kwa hesabu hiyo hiyo, kisha ikaikabili Moroko iliyokuwa ikishikilia kombe. Moroko ilifungwa mabao 3 bila jibu. Bingwa wa Afrika akafungasha virago.

Katika nusu fainali Uganda ilikutana na Nigeria. Abdallah Nasur akafunga la kwanza, Nigeria ikasawazisha, na Philip Omondi akafunga la pili, la ushindi. Katika mashindano yale alifunga mabao matatu, akalingana na Segun Odegbami wa Nigeria na Opoku Afriyie wa Ghana kwa wingi wa mabao. Afriyie ndiye aliyeivunja ndoto yetu: katika fainali alifunga mabao yote mawili, na Ghana ikalichukua kombe kwa mara ya tatu. Uganda ilirudi na nafasi ya pili. Mpaka hivi leo hakuna kikosi cha Cranes kilichofika mbali kuliko hapo.

Tazama jinsi kikosi kile kilivyokuwa. Hakikununuliwa, kwani timu ya taifa hainunui mtu. Wachezaji wake walitoka katika timu za mashirika, za kambi na za mitaa, na wengi walikuwa wamecheza pamoja au kushindana wao kwa wao Nakivubo kwa miaka kadhaa. Mchezaji wa Jiji alijua mchezaji wa jeshi hupenda kuupokea mpira kwa mguu gani, kwa sababu alikuwa amemkaba mara nyingi. Vikombe vya Afrika Mashariki na Kati vya mwaka 1976 na 1977, ambavyo Uganda ilivitwaa vyote viwili, vilikuwa shule yao.

Mwaka huo wa 1978 KCC ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Nyumbani, Kirunda alifunga mabao 32 katika ligi, hesabu iliyozungumzwa kwa miaka mingi. Na bado ubingwa wa Uganda ulikwenda Simba ya jeshi! Wasomaji wa Bombo na Mbuya watapenda kulikumbuka hilo, na hakuna anayewakatalia. Mabao 32 ya mtu mmoja hayakuishinda timu nzima.

Kisha vita vikaja. Aprili 1979 utawala wa Amin ukaanguka. Maduka yalikuwa matupu, fedha yetu ilikuwa ikipoteza thamani, na mchezaji aliyeshangiliwa na bara zima hakuwa na cha kumwonyesha mama yake jikoni. Katika wakati huo klabu ya Sharjah, ya Falme za Kiarabu, ilimhitaji Omondi, naye akaenda. Alikuwa na miaka kama 22.

Wako waliosema alikimbia. Mimi naona neno hilo ni zito kupita kiasi. Mchezaji wa Uganda wa siku zile alikuwa mtumishi wa shirika aliyeruhusiwa kucheza mpira. Hakulipwa kwa kipaji chake. Aliyevunjika mguu alirudi mezani kwake au kwenye jembe lake, kama meza ilikuwapo. Waarabu wa Ghuba walikuwa ndio kwanza wanajenga ligi zao, wana mali, hawana subira ya kungoja watoto wao wakue, basi wakawanunua wa wenzao. Kosa, kama lipo, si la kijana aliyekubali. Timu iliyomlea haikuwa na kitu cha kumzuia nacho, na huo ndio udhaifu wa njia ya kulea: unapanda mti, na siku unapozaa, jirani mwenye kapu kubwa yupo mlangoni.

Lakini angalia yaliyotokea KCC baada ya yeye kuondoka. Haikuanguka. Mwaka 1981 ikawa bingwa tena. Chumba ambacho Omondi alitokea kilikuwa kingali kimejaa vijana.

Wakati huo huo mjini alitokea mpinzani wa njia ya pili. SC Villa, iliyoanza mwaka 1975 kama timu ya vijana wa Nakivubo, ilipata mlezi mwenye mkono mkunjufu, Patrick Kawooya, ambaye hakuona haya kugonga mlango wa klabu yoyote iliyokuwa na mchezaji mzuri. Hata Kirunda wa KCC alihamia huko. Villa ikawa bingwa mwaka 1982. Omondi alirejea kutoka Ghuba katika miaka hiyo akavaa tena jezi ya Jiji, na KCC ikajibu kwa ubingwa wa 1983. Villa ikachukua mwaka 1984, KCC mwaka 1985. Walikuwa kama watu wawili wanaopokezana kuvuta kamba. Baada ya hapo Villa ikashinda miaka mitano mfululizo, toka 1986 hadi 1990, na wapenzi wa njia ya kulea wakakosa la kusema kwa muda.

Haki yataka tukiri kwamba Villa nayo haikuishi kwa kununua peke yake. Ilikuwa na vijana wake pia. Na KCC, kama tulivyoona, ilimpokea Kirunda akiwa amekwisha kuiva. Tofauti ilikuwa katika swali la kwanza ambalo viongozi walijiuliza msimu ulipokwisha. Upande mmoja waliuliza nani yuko tayari katika kikosi cha vijana. Upande wa pili waliuliza nani wa klabu nyingine ana manung'uniko.

Omondi mwenyewe, miguu ilipochoka, hakwenda mbali. Akawa mwalimu katika klabu ile ile iliyomlea, akawafunza vijana wa Jiji kama alivyofunzwa. Timu za sare nazo ziliendelea kwa njia yao: Police ikawa bingwa wa Uganda mwaka 2005 na bingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 2006, lakini hayo yeye hakuyaona. Alifariki mwaka 1999, akiwa mtu wa miaka arobaini na kitu tu, umri ambao mwalimu wa mpira ndiyo kwanza anaanza kusikilizwa.

Baraza la Jiji lenyewe halipo tena. Tangu mwaka 2011 kazi zake zinafanywa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, na timu ikaongeza herufi moja katika jina lake, ikawa KCCA. Uwanja wa Lugogo ndio uliobaki na jina la Omondi. Jioni, mazoezi ya wakubwa yakiisha, watoto huingia na mpira wao, na ng'ambo ya ukuta husikika mpira wa kikapu ukidunda sakafuni.