Pestalozzi na Wazazi wa Wanafunzi Wake

Kila mwanachuo wa ualimu hukutana na jina la Johann Heinrich Pestalozzi anaposoma historia ya elimu. Hufundishwa kwamba bingwa huyu alisisitiza mtoto aanze kwa vitu ndipo aendee maneno, aanze kwa jepesi ndipo aendee gumu. Hayo ni kweli. Lakini maisha yake yana somo jingine lisilotajwa sana. Mara tatu kazi yake ilitikiswa na wazazi wa watoto aliowafundisha, nao walifanya hivyo kwa kuwa hawakuona watoto wao walikuwa wakijifunza nini.

Pestalozzi alizaliwa Zürich, nchini Uswisi, tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Mama na mtumishi mmoja mwaminifu wa nyumbani ndio waliomlea kwa taabu. Malezi hayo yalimwachia imani ambayo hakuiacha maisha yake yote, kwamba nyumba ndiyo shule ya kwanza, na mama ndiye mwalimu wa kwanza.

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, wakaanza ukulima mahali alipopaita Neuhof, karibu na kijiji cha Birr. Ukulima haukufanikiwa. Mwaka 1774 akawakusanya nyumbani kwake watoto wa maskini, wasokote pamba na kulima huku wakijifunza kusoma na kuhesabu. Alitarajia kazi ya mikono yao ingelipia chakula chao. Wazazi wengi walikuwa wamezoea kuwatuma watoto hao kuombaomba. Walikuja wakalalamika kwamba watoto wanachoshwa, na wengine waliwachukua mara tu walipokwisha kupata nguo mpya. Mwaka 1780 shule ilifungwa, naye akabaki na madeni. Ni rahisi kuwalaumu wazazi hao. Lakini walichokiona wao kilikuwa pamba na jembe. Elimu iliyokuwa ikiingia katika akili za watoto haikuonekana kwa macho.

Baada ya hapo Pestalozzi aliandika vitabu. Mwaka 1781 ilitoka sehemu ya kwanza ya riwaya yake iitwayo Leonard na Gertrude, inayosimulia habari za mama wa kijijini anayewafunza wanawe katika kazi za kila siku. Watu wengi waliisoma, na jina lake likaenea.

Jaribio la pili lilikuwa Stans. Mwezi Septemba 1798 majeshi ya Kifaransa yalikuwa yameuvunja upinzani wa wilaya ile na kuua watu wengi. Serikali mpya ya Uswisi ikamtuma Pestalozzi kuwatunza yatima na watoto maskini katika nyumba ya watawa. Alianza Januari 1799, naye, akisaidiwa na mtumishi mmoja tu, akawa baba, mwalimu na muuguzi wa watoto wapatao 80. Wenyeji walikuwa Wakatoliki; yeye alikuwa Mprotestanti aliyetumwa na serikali waliyoichukia. Baadhi ya mama walikuja Jumapili, wakawalilia watoto wao kana kwamba wako kifungoni. Wazazi wengine walidai walipwe fidia kwa kuwa mtoto hakuwa akiwaletea tena mapato ya kuomba. Watoto walikuwa wakibadilika siku hata siku, lakini nje ya kuta za nyumba ile mabadiliko hayo hayakujulikana. Mwezi Juni mwaka huohuo majeshi yaliitwaa nyumba kuwa hospitali, na kazi ikakatika.

Katika mwaka huohuo wa 1799 alikwenda Burgdorf, akapewa nafasi katika shule ya watoto wa maskini iliyokuwa chini ya fundi viatu. Hapo alifundisha kwa njia yake mpya. Watoto walitamka sauti pamoja na kuchora mistari na pembe juu ya vibao. Fundi viatu aliona heshima yake inapungua. Wazazi nao walinong'ona kwamba mzee huyu hajui kusoma wala kuhesabu vizuri, na kwamba katekisimu itasahauliwa. Hatimaye wakasema kuwa mwenye kutaka kujaribu mambo mapya na ayajaribu kwa watoto wake mwenyewe. Pestalozzi akaondolewa. Ufa uliokuwa mdogo ulikosa wa kuuziba, ukawa wa kujenga ukuta.

Alihamishiwa katika shule nyingine ya mji uleule, yenye watoto wadogo zaidi. Huko mambo yaligeuka. Mwezi Machi 1800 halmashauri ya shule iliwapima watoto wake, ikaona wanasoma, wanaandika na kuhesabu kuliko ilivyotazamiwa kwa umri wao. Halmashauri ikatoa hati ya kumsifu. Njia ya kufundisha haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa mji uliweza kuona matunda yake.

Mwaka 1801 alitoa kitabu kinachoeleza jinsi Gertrude anavyowafundisha watoto wake, na tangu 1805 aliongoza shule katika ngome ya Yverdon. Wanafunzi walitoka nchi nyingi za Ulaya, na wazazi wengi hawakuweza kufika shuleni. Kwa hiyo barua ziliandikwa kuwaeleza hali ya watoto wao, na mwaka 1807 shule ilichapisha taarifa kwa wazazi na kwa watu wote juu ya mpango wake. Hapakuwa na tuzo wala kupanga watoto kwa nafasi. Mtoto alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe, alivyokuwa jana na alivyo leo.

Hata hivyo Yverdon inatuonya pia. Sifa zilizochapishwa zilivuta wageni wengi, na masomo yakaanza kugeuka maonyesho. Tume ya serikali iliyofika mwaka 1809 ilikuta mema mengi, lakini pia masomo kadhaa yaliyokuwa chini ya sifa zake. Walimu wake wakagombana, na mwaka 1825 shule ikafungwa. Pestalozzi alifariki Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr, karibu na shule ya kijiji.

Mwalimu mpya atakayepangiwa shule ya msingi atakuta wazazi wenye wasiwasi uleule wa Burgdorf. Mzazi akiona mtoto anarudi nyumbani na vijiti na mbegu za kuhesabia, atauliza kama huo ni mchezo au masomo. Swali hilo ni halali yake. Basi mwalimu asingoje kosa ndipo amwite mzazi, wala asingoje mwisho wa muhula. Amweleze mapema, kwa lugha anayoielewa, na kwa mzazi asiyejua kusoma amwonyeshe mtoto mwenyewe akihesabu. Aseme mtoto ameweza nini, bado nini, na nyumbani wamsaidie vipi. Tena aseme kweli, bila kuremba. Pestalozzi alikuwa na mapenzi makubwa kwa watoto, na mapenzi hayo pekee hayakutosha kuzilinda shule zake.