Mwalimu aliyerusha Uhuru kutoka Ngomeni: mfahamu Luigi Broglio



Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa nyumbani Manyoni. Anayepajua anajua anga la kwetu wakati wa kiangazi. Mvua zilishakwenda zake, mawingu hakuna, na ukitoka nje kidogo ya mji usiku unakuta nyota zimetapakaa kama mtama gunia limepasuka. Mpwa wangu wa darasa la sita akanitajia sayari zote kwa mpangilio, Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali mpaka Neptune, bila kukwama hata mara moja. Nikampongeza. Halafu nikamwomba anioneshe hata moja tu kule juu. Kimya.

Basi na yeye akanigeuzia kibao. Akaniuliza kama huku kwetu Afrika Mashariki kuna kitu kilishawahi kurushwa kikaenda angani, au hayo ni mambo ya Wamarekani na Warusi tu. Nikamwambia vipo, tena vingi, na kimoja kilipewa jina la Kiswahili. Akacheka, akadhani mjomba anamtania. Simlaumu, maana hata mimi nilisoma shule zangu zote sijawahi kusikia habari hiyo, nimekuja kuijua ukubwani. Ndiyo maana leo naileta hapa habari ya mzee mmoja wa Kiitaliano, Luigi Broglio. Walimu mlioko huko Manyoni, Itigi, Kilimatinde na kwingineko, hii ni yenu kwanza.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 Mestre, mji ulioko bara mkabala na Venice. Alisomea uhandisi Roma, akaingia jeshi la anga la Italia kama mhandisi, na baadaye sana akafika cheo cha jenerali. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana. Italia iliposalimu amri Septemba 1943 na Wajerumani kuikalia Roma, yeye alikuwa upande wa waliopambana nao kwa siri. Vita ilipoisha nchi yake ilikuwa hoi: madaraja yamevunjwa, viwanda vimepigwa mabomu, watu wana njaa. Nalisema hili kwa sababu tuna mazoea ya kufikiri kwamba mambo ya anga ni ya matajiri waliokwishashiba.

Pamoja na jeshi, jamaa alikuwa mwalimu. Mwaka 1952 alishika uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akimpokea Gaetano Arturo Crocco, mkongwe wa fani hiyo Italia. Pale ndipo alipoanza kukusanya vijana. Wengi wa wale waliokuja kurusha roketi pamoja naye walianza kama wanafunzi wake, watu waliokaa kwenye madawati yake wakapiga hesabu ubaoni. Hili tulishike, maana ndilo kiini cha habari yote.

Mwaka 1956 Italia ilifungua eneo la majaribio ya roketi Salto di Quirra, kisiwani Sardinia, na Broglio akawa mmoja wa wakuu wake. Mwaka uliofuata Warusi wakarusha Sputnik, dunia nzima ikashika mdomo. Mwaka 1961 Yuri Gagarin akazunguka dunia, na mwaka huo huo Broglio aliipelekea serikali ya Italia mpango alioupa jina San Marco, ambaye ni mtakatifu wa mji wa Venice. Mpango ulikuwa hivi: Italia itengeneze setilaiti yake, Marekani itoe roketi aina ya Scout na mafunzo, na Waitaliano wenyewe wairushe, tena kutoka baharini kwenye mstari wa Ikweta. Serikali ikakubali, na mwaka 1962 makubaliano na shirika la anga la Marekani, NASA, yakasainiwa. Vijana wa Broglio wakaenda Marekani kujifunza.

Hapa mpwa wangu aliuliza swali la maana sana: kwa nini Ikweta? Wana jangwa lao, wana bahari yao, wamefuata nini huku?

Walimu, swali hili mnaweza kulijibu uwanjani bila hata senti tano. Panga watoto kumi washikane mikono kwenye mstari mmoja. Wa kwanza asimame pale pale ajizungushe, wengine wazunguke naye mstari usikatike. Wa kwanza atageuka taratibu tu, wa kumi atakimbia mpaka ahemewe. Dunia nayo inazunguka hivyo hivyo. Aliyeko ncha ya Kaskazini ni kama yule wa kwanza. Aliyeko Ikweta anapelekwa mashariki kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa. Roma ni kama 1,240. Na pale Manyoni tulipokaa na mpwa wangu tumetulia tunakunywa chai, tulikuwa tunakwenda zaidi ya kilomita 1,650 kwa saa na chai haikumwagika! Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka Ikweta inapewa msukumo huo wa bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalotembea. Tena setilaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya Ikweta ni rahisi kuifikisha kwenye njia yake kutokea hapo hapo.

Kwa hiyo Broglio alitafuta mahali karibu na Ikweta ambapo upande wa mashariki ni bahari tupu, ili mabaki ya roketi yasiangukie watu. Akapapata Ngomeni, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya, kiasi cha nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta.

Desemba 15, 1964 setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitaliano wenyewe, ila kwa kujaribia tu walirushia Marekani, kituo cha Wallops. Waitaliano hujihesabu kuwa wa tatu duniani, baada ya Urusi na Marekani, kutengeneza setilaiti yao na kuirusha kwa mikono yao, japo roketi ilikuwa ya kupewa.

Ile setilaiti yenyewe ilikuwa na kitu alichokibuni Broglio mwenyewe, na mtoto wa darasa la sita anakielewa. Ni mpira ndani ya mpira. Wa nje mwepesi, wa ndani mzito, wameunganishwa kwa vikono vinavyonepa kidogo. Kule juu watu hudhani hakuna hewa kabisa, kumbe ipo, nyembamba mno. Hewa hiyo ikiusukuma mpira wa nje, unasogea kidogo sana kuliko wa ndani, vipimo vinasoma kiasi ulichosogea, na hapo unajua hewa ya huko ina uzito gani. Ina faida gani? Hiyo hewa kidogo ndiyo inayopunguza kasi ya setilaiti za chini mpaka zinaanguka. Usipoijua hujui setilaiti yako itakaa miaka mingapi.

Baharini Ngomeni wakasimamisha majukwaa mawili ya chuma: San Marco, lenye roketi, na Santa Rita, la waongozaji, ambalo mwanzo lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Aprili 26, 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka pale. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Pwani ya Waswahili, wadau, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha!

Halafu ikaja ile ninayoipenda kuliko zote. NASA walikuwa na setilaiti ndogo, kilo kama 140, ya kutafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Miali hiyo haifiki chini, hewa yetu inaizuia, na ni heri, maana ingetuunguza. Ukitaka kuiona lazima utoke nje ya hewa. Wamarekani wakaona heri wairushe kutoka kwa Broglio, Ngomeni. Siku iliyochaguliwa ni tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Mama aliyesimamia mradi upande wa NASA, mhandisi Marjorie Townsend, akaipa setilaiti ile jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na siku yao.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Ilikuwa inazunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi karibu na Ikweta, maana yake ilipita upande wa kaskazini ya Manyoni yetu kama mara 14 kila siku, ingawa kwa macho usingeiona. Ilipanga orodha ya vyanzo 339 vya eksirei angani. Ilisaidia pia kuonesha kwamba kwenye kundi la nyota la Cygnus kuna nyota kubwa inayozungukana na kitu kisichoonekana, kinachochezacheza kwa kasi ya ajabu. Kitu hicho, Cygnus X-1, ndicho kilichokuja kukubalika kama shimo jeusi la kwanza kutambuliwa na binadamu. Mkuu wa wanasayansi wa Uhuru, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilianguka na kuungua angani mwaka 1979, ikimalizwa na ile ile hewa nyembamba aliyokuwa akiipima Broglio.

Kwa jumla zilirushwa setilaiti 9 kutoka Ngomeni: za Waitaliano, za Wamarekani na moja ya Waingereza. Ya mwisho ilikuwa San Marco 5, Machi 25, 1988. Roketi za Scout zikafikia mwisho wake, na serikali ya Italia haikuendelea na mpango wa roketi mpya ambao Broglio aliutaka sana. Tangu hapo hakuna setilaiti iliyopaa kutoka yale majukwaa. Kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti za mataifa mbalimbali. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89, na kituo cha Malindi kinaitwa kwa jina lake.

Sasa tuambizane ukweli. Mzee huyu namheshimu, lakini habari yake ina upande unaouma. Bahari ni yetu, Ikweta ni yetu, jina Uhuru ni letu, lakini hesabu zilikuwa za wengine. Zanzibar nako ilikuwa hivyo hivyo: NASA walikuwa na kituo Tunguu cha kufuatilia safari za kwanza za Wamarekani, pamoja na ile ya John Glenn Februari 1962. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikafungwa, vyombo vikaondoka. Kinachobaki mahali ni kile kilichoingia kwenye vichwa vya watu. Broglio alilijua hilo kwa upande wa nchi yake, ndiyo maana kabla ya kuomba roketi alikusanya wanafunzi. Sisi tulitoa mahali pa kurushia. Wanafunzi wetu walikuwa wapi?

Wenzetu Kenya wameanza kulijibu. Mei 2018 setilaiti yao ndogo ya kwanza, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Iliandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na, sikia hii, Chuo Kikuu cha Roma cha La Sapienza, kile kile alichofundisha Broglio. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na Wakenya wenyewe na kurushwa Marekani. Miaka zaidi ya hamsini baada ya San Marco 2, lakini safari hii na vijana wetu wamo kwenye hesabu.

Narudi Manyoni. Mtoto anayekariri sayari bila kuziona atapata alama zake, sawa, halafu atasahau. Lakini mwoneshe Zuhura jioni inapokuwepo magharibi, mchezeshe ule mstari wa Ikweta uwanjani, mwambie kwamba setilaiti yenye jina la Kiswahili ilirushwa pwani ya jirani na mwalimu na wanafunzi wake. Huyo hatasahau. Hatuhitaji darubini kuanza. Anga la Manyoni lipo wazi miezi sita ya mwaka, halina kiingilio.

Mpwa wangu kabla sijaondoka aliniuliza swali la mwisho, kama Tanzania na sisi tutarusha yetu lini. Nimemwahidi nitawauliza wadau.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa sayansi na jiografia, mnafundishaje somo hili huko mliko? Na kama kuna mdau wa Malindi, Lamu au Ngomeni mwenye wazee walioziona zile roketi zikipaa, tupe habari hapo chini.

Nawasilisha.