Svante Arrhenius: Aliyepima joto la dunia kwa kalamu na karatasi

WATAALAMU wa tabianchi wanapotangaza kuwa joto la dunia litapanda kwa kiwango fulani, nyuma ya kauli yao zipo kompyuta kubwa zinazofanya kazi usiku na mchana. Mtu wa kwanza kuitafuta namba hiyo hatua kwa hatua hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kalamu, karatasi na uvumilivu.

Huyo ni Svante Arrhenius, mwanasayansi wa Sweden aliyezaliwa Februari 19, 1859 karibu na mji wa Uppsala, mtoto wa mpima ardhi.

Safari yake ya kitaaluma haikuanza vyema. Mwaka 1884 aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala tasnifu ya shahada ya uzamivu kuhusu namna umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Maprofesa wake hawakuridhika, wakampa daraja la chini. Hata hivyo, mwaka 1903 nadharia iliyotokana na tasnifu hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa raia wa kwanza wa Sweden kutunukiwa Nobel.

Lakini leo jina lake linatajwa sana kwa kazi aliyoifanya kando ya kemia. Wanasayansi wa wakati huo walisumbuliwa na swali moja: kwa nini zama za kale barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya, kisha ikayeyuka? Arrhenius aliamini kuwa jibu limo katika hewa ya ukaa. Mwishoni mwa 1894 alianza kupiga hesabu, kazi iliyomchukua karibu mwaka mzima. Nyumbani hakukuwa na utulivu. Ndoa yake na Sofia Rudbeck, aliyekuwa mwanafunzi wake, iliyofungwa mwaka 1894, ilivunjika 1896.

Msingi wa hesabu hizo unafanana na daftari la duka. Mapato ya dunia ni mwanga wa jua. Karibu asilimia 30 ya mwanga huo hurudishwa angani na mawingu, theluji na ardhi. Unaobaki huzipasha joto bahari na nchi kavu, nazo hulitoa tena kama mionzi isiyoonekana kwa macho. Hayo ndiyo matumizi. Hewa ya ukaa na mvuke hunasa sehemu ya mionzi hiyo. Hewa ya ukaa ikiongezeka, joto linalotoka huwa dogo kuliko linaloingia, na dunia huzidi kupata joto hadi pande mbili za daftari zilingane tena.

Akitumia vipimo vya mionzi ya mwezi vilivyochukuliwa na Mmarekani Samuel Langley, Arrhenius aliigawa dunia katika mikanda ya nyuzi 10 za latitudo, kisha akakokotoa joto la kila mkanda kwa kila msimu. Aidha, alizingatia kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwamba theluji ikiyeyuka huacha ardhi nyeusi inayofyonza joto. Mambo hayo mawili yamo hadi leo katika mifumo ya kompyuta inayoiga tabianchi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1896. Hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, alieleza, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Kwa mikanda ya ikweta, zilipo Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, jedwali lake lilionyesha karibu nyuzi 5.

Mwaka 1900 mwanafizikia mwenzake wa Sweden, Knut Ångström, alitoa vipimo vilivyoonekana kuipinga hoja hiyo, nayo ikawekwa kando kwa miongo kadhaa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald, wakitumia kompyuta nchini Marekani, walipata ongezeko la zaidi kidogo ya nyuzi 2. Manabe alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2021, mwaka ambao jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilikadiria nyuzi 3. Namba ya Arrhenius ilikuwa kubwa mno, kwani vipimo alivyovitegemea vilikuwa hafifu. Njia yake ndiyo iliyodumu.

Alipokosea zaidi ni kuhusu muda na athari. Awali alidhani uchomaji wa makaa ya mawe ungehitaji maelfu ya miaka kuleta badiliko kubwa. Leo hewa ya ukaa imezidi sehemu 420 katika kila milioni, kutoka takriban 280 kabla ya zama za viwanda, yaani ongezeko la nusu nzima.

Isitoshe, aliliona joto hilo kuwa neema itakayoleta mavuno mengi katika nchi za baridi. Aliitazama dunia kutoka Stockholm, ingawa jedwali lake mwenyewe lilikuwa na safu ya watu wa ikweta wasiohitaji joto zaidi. Mtazamo huo finyu ulijitokeza kwingine pia: alikuwa mwanachama wa chama cha Sweden cha usafi wa mbari, kilichoanzishwa mwaka 1909, doa ambalo sifa zake za kisayansi haziwezi kulifuta.

Arrhenius alifariki dunia Oktoba 2, 1927 jijini Stockholm, akiwa na umri wa miaka 68, na kuzikwa Uppsala.