James Gichuru: Mtunza Amana wa Hazina

Msafiri atokaye Pwani akapita mtaa wa Lavington huko Nairobi atakutana na barabara iitwayo James Gichuru. Matatu hupita, watu huteremka, na jina hutajwa mara elfu kwa siku. Lakini ukiwauliza vijana huyo Gichuru alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba ni jina la barabara. Wazee ndio wanaojua. Marehemu James Samuel Gichuru ndiye aliyeshika ufunguo wa Hazina Kenya ilipokuwa huru, akaushika hadi mwaka 1969. Yeye ndiye aliyesimama Bungeni kila mwaka kueleza fedha za taifa changa zitatoka wapi na zitakwenda wapi, na kuulizwa maswali ambayo mengine hayakuwa na jibu jepesi.

Katika ukurasa huu leo tutayaangalia maisha yake. Ni maisha ya mtu ambaye, zaidi ya mara moja, alipewa kitu cha kushika kwa niaba ya wengine, naye akakirudisha.

MWALIMU WA THOGOTO

Gichuru alizaliwa mwaka 1914 huko Thogoto, katika Kiambu, karibu na misheni ya Kanisa la Scotland. Alisoma hapo, kisha akaenda shule ya Alliance, na baadaye Makerere, Uganda, ambako wakati ule walifika Waafrika wachache sana. Aliporejea alikuwa mwalimu. Alifundisha Alliance kuanzia mwaka 1935 hadi 1940, halafu akawa mwalimu mkuu wa shule ya misheni huko Dagoretti kwa miaka kumi.

Siku hizo mwalimu hakuwa mwalimu wa darasani tu. Ndiye aliyesoma barua za kijiji, ndiye aliyeandika malalamiko ya watu kwa mabwana shauri. Basi si ajabu kwamba chama cha Kenya African Union kilipoundwa mwaka 1944, uongozi wake haukukawia kumfikia Gichuru.

KITI KILICHOWEKWA

Waswahili wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Gichuru methali hii ilipinduka.

Mwezi Septemba 1946 Jomo Kenyatta aliteremka melini hapa Mombasa baada ya kukaa Uingereza karibu miaka kumi na mitano. Gichuru alikuwa ndiye mwenye kiti cha urais wa KAU. Angeweza kukaa kimya, au kumtafutia mgeni cheo cha chini yake. Badala yake, mwezi Juni 1947 alimpisha Kenyatta akaongoza.

Miaka ikapita. Gichuru akawa chifu wa Dagoretti kati ya 1950 na 1952. Hali ya hatari ikatangazwa, Kenyatta akafungwa, na Gichuru mwenyewe akazuiliwa na serikali ya kikoloni kuanzia 1955 hadi karibu na mwaka 1960. Chama cha KANU kilipozaliwa mwaka 1960, wajumbe walimtaka Kenyatta awe rais ingawa alikuwa kizuizini. Serikali ilikataa kukiandikisha chama kwa sharti hilo. Ikabidi apatikane mtu wa kukikalia kiti bila ya kukifanya chake. Akachaguliwa Gichuru, Oginga Odinga akiwa makamu na Tom Mboya katibu mkuu.

Tumeona katika nchi nyingi kwamba mtu akishakalia kiti, kumwondosha ni kazi. Kenyatta alipoachiliwa mwezi Agosti 1961, Gichuru hakungoja kuvutwa shati. Kabla ya mwaka kumalizika urais wa KANU ulikuwa umekwisha kurudi kwa mwenyewe. Mara mbili aliwekeshwa amana, na mara mbili akairejesha.

MASWALI BUNGENI

Kenya ilipopata madaraka ya ndani tarehe 1 Juni 1963, Gichuru alikuwa Waziri wa Fedha. Amana hii ya tatu ilikuwa nzito kuliko mbili za kwanza, kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa kila mlipa kodi, kuanzia mchukuzi wa Kilindini hadi mchungaji wa Wajir.

Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, na bajeti ikasomwa mwezi Juni. Ilikuwa desturi Nairobi, Dar es Salaam na serikali ya Uganda zisome bajeti zao siku moja, kwani ushuru wa forodha na kodi ya mapato zilikusanywa na idara za pamoja za Afrika Mashariki. Bidhaa ikiteremshwa Mombasa, ushuru wake huenda ni wa Kenya, huenda ni wa Uganda. Kwa hiyo Waziri wa Kenya hakuwa huru kupandisha au kushusha ushuru kama apendavyo. Ilimpasa kwanza kusikilizana na jirani zake.

Kisha kulikuwa na kipindi cha maswali. Mbunge hupeleka swali lake kwa maandishi, Waziri hulijibu kwa mdomo, na baada ya hapo wabunge wengine humrushia maswali ya nyongeza ambayo hakuyaona kabla. Waziri wa Fedha alikuwa na tabu ambayo wenzake hawakuwa nayo. Akiulizwa kama kodi ya sukari au sigara itapanda, hakuweza kusema ndiyo wala siyo kabla ya siku ya bajeti, kwa sababu mfanyabiashara akilinusa jibu angeificha bidhaa ghalani. Basi alijibu kwa tahadhari, na waliomsikiliza walidhani anawakwepa. Mbunge naye alikuwa amefungwa upande wake: Katiba haikumruhusu kuleta pendekezo la kutoza au kuongeza kodi bila ya idhini ya Serikali. Aliloweza ni kuuliza, na kwa hiyo maswali yalikuwa makali.

Wana-KADU, wakiongozwa na Ronald Ngala wa Kilifi, walilalamika kwamba Nairobi ilikuwa ikikawiza mamlaka na fedha za majimbo. Jambo hili liliwagusa sana watu wa Pwani, ambao Mwambao wao ulikuwa umeunganishwa na Kenya mwezi Desemba 1963, na ambao waliiona bandari ikiingiza ushuru kila siku. KADU ilivunjwa mwezi Novemba 1964 na majimbo yakafifia.

Lakini maswali hayakwisha. Yakaja ya ardhi. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha ambazo nyingi zilikopwa Uingereza, na mwananchi aliyepewa kipande alitakiwa alipe deni. Bildad Kaggia na wenziwe waliona si haki mtu auziwe ardhi aliyonyang'anywa babake. Upande wa Serikali ulishikilia kwamba taifa changa likikana deni, halitapata mkopeshaji mwingine. Hadi leo watu wenye akili timamu hawakubaliani katika jambo hili.

KUTOKA KILINDINI HADI KIANJOKOMA

Tuchukue mfano wa mahali ambapo wasomaji wengi wa Pwani hawajafika. Kianjokoma ni soko dogo katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kuna baridi, na udongo ni mwekundu. Juu, karibu na msitu, hustawi chai; chini yake hustawi kahawa. Embu, pamoja na Meru na Kisii, ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni ilikubali Mwafrika alime kahawa, katika miaka ya 1930.

Mkulima wa Kianjokoma alikutana na Hazina katika milango mingi. Mwaka 1964 Kenya ilisimamisha upandaji wa kahawa mpya, kwa sababu mapatano ya dunia yaliwekea kila nchi kiwango cha kuuza. Aliyekuwa ameshatayarisha mashimo akaambiwa ayafukie. Mwaka huo huo likaundwa shirika la kusimamia chai ya wakulima wadogo, KTDA, likategemea mikopo ya nje. Kwa hiyo mkono mmoja ulifunga mlango na mwingine ukafungua dirisha.

Mlango uliochukiwa ulikuwa kodi ya kichwa, ambayo wengi waliiita kwa herufi zake tatu, GPT. Kwa jina ilikuwa kodi ya ngazi: mwenye pato kubwa alipe zaidi. Lakini ngazi ziliishia. Tajiri akishafika juu hakuongezewa, ingawa ni kweli alilipa pia kodi ya mapato. Mtu wa chini kabisa hakusamehewa kwa wepesi. Mvuvi wa Lamu ambaye kusi imemzuia kwenda baharini, na mkulima wa Kianjokoma ambaye kahawa yake imepigwa na ugonjwa, wote wawili walitakiwa waonyeshe stakabadhi. Asiyekuwa nayo aliujua mkono wa askari wa chifu.

Na fedha hizo zilikwenda wapi? Huku mashambani nyingi zilikwenda kwa halmashauri za wilaya, zikalipa walimu wa shule za msingi, zahanati na barabara. Hapo ndipo penye fundo. Kuifuta kodi ilikuwa kumpunguzia baba mzigo na kumfungia mtoto shule. Kuiacha ilikuwa kuendeleza kodi ambayo wakoloni walikuwa wameianzisha na ambayo wananchi walidhani itaondoka pamoja na bendera yao. Madiwani waliochaguliwa na watu waliona haya kuwabana watu wao, makusanyo yakazorota, na halmashauri nyingi zikashindwa kulipa mishahara. Mwisho Serikali ilipitisha sheria mwaka 1969, na kuanzia Januari 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zikachukuliwa na Serikali kuu. Manispaa kubwa, Mombasa miongoni mwao, zilibaki na kazi zao.

SHILINGI YA NYUMBANI

Kazi ya Gichuru iliyodumu kuliko zote iko mifukoni mwetu. Tangu mwaka 1919 fedha za Afrika Mashariki zilitolewa na bodi iliyowekwa na Waingereza, ambayo makao yake yalikuwa London hadi 1960. Mwezi Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi tatu walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na fedha yake. Benki Kuu ya Kenya ikaundwa kwa sheria ya mwezi Machi 1966, ikafungua milango tarehe 14 Septemba mwaka huo.

Noti zilizotoka siku hiyo zilikuwa na sura ya Mzee Kenyatta, na zilisema Kiswahili. Ziliandikwa Banki Kuu ya Kenya, kwa tahajia hiyo. Mwenye duka la Kibokoni na mchuuzi wa Kianjokoma waliweza kuisoma fedha yao kwa lugha yao.

Mtihani ulikuja mapema. Mwezi Novemba 1967 Waingereza waliishusha thamani paundi yao. Kenya, Uganda na Tanzania hazikufuata. Paundi iliyokuwa ikipata shilingi 20 ikawa inapata 17 na senti chache. Bidhaa za Uingereza zikawa nafuu, na deni la paundi likapungua uzito. Lakini kila jambo lina upande wa pili: akiba iliyowekwa kwa paundi ilipungua, na mnunuzi wa kahawa aliyekuja na paundi alikuwa na shilingi chache za kumpa mkulima. Hata hivyo dunia iliona kwamba shilingi haikuwa tena mtoto wa kufuata nyayo za paundi.

HESABU YA MWISHO

Baada ya uchaguzi wa Desemba 1969 Gichuru alihamishiwa Wizara ya Ulinzi, na Hazina ikashikwa na Mwai Kibaki. Ni Kibaki aliyeleta kodi ya mauzo mwaka 1973, na mwaka huo ulipokwisha GPT nayo ikaisha. Askari hakumwuliza mtu tena stakabadhi njiani. Lakini tusijidanganye: kodi ya mauzo, ambayo mwaka 1990 iligeuzwa kuwa ya ongezeko la thamani, humkuta maskini dukani kila anunuapo.

Jambo jingine la kukumbukwa ni lugha. Miaka yote ambayo Gichuru alisimama kujibu maswali ya kodi, Bunge lilizungumza Kiingereza peke yake. Ni mwezi Julai 1974 ndipo Mzee Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike, na hata Katiba iliporekebishwa mwaka 1975, miswada na maazimio ya fedha yaliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Fedha ilisema Kiswahili, hesabu yake haikusema. Mlipa kodi wa Lamu na wa Kianjokoma walikuwa kama mtu aliyeweka amana yake kwa mwaminifu, kisha akasomewa hesabu kwa lugha asiyoijua. Huenda hakuibiwa hata senti, lakini hakuweza kujua.

Gichuru alifariki mwaka 1982. Hatusemi kwamba alijibu kila swali sawasawa, wala kwamba kodi za wakati wake zilikuwa za haki. Tunasema alipokea Hazina iliyokuwa ikitegemea msaada wa Waingereza na fedha iliyotolewa na bodi yao, akaiacha nchi ina benki yake na shilingi yake, na alipotakiwa kuachia kiti aliachia.

Swali la Ngala nalo halikufa. Katiba ya 2010 ilirudisha Seneti na kuzigawa shughuli za nchi kwa kaunti 47, ikaamuru zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kila mwaka wawakilishi wa Embu na wa Mombasa hukaa Nairobi wakibishana ni kiasi gani kitoke Hazina kiende mikoani. Mwenye mali anataka kuona hesabu ya mali yake, na amana ya umma haina siku ya kuacha kuulizwa.